Karani Hashiki Jembe

Wajukuu zangu hunikimbia. Nikiingia chumbani wakiwa kwenye kompyuta zao, wanajua nitakalosema: inuka, toka nje, zunguka nyumba, ndipo urudi. Mama yao huniambia, "Baba, waache wafanye kazi." Siwaachi. Anayeniona mkorofi na anione. Mimi nimefanya kazi ya kukaa kabla wazazi wao hawajazaliwa, na najua kukaa kunaweza kumfanya nini mtu mzima mwenye afya yake.

Ilikuwa Changamwe, miaka ile Mngereza alipokuwa akijiandaa kuondoka. Kampuni moja ya mafuta, jirani na matangi, ilikuwa imeleta mashine za kutoboa kadi. Kadi zenyewe zilikuwa za karatasi ngumu, kila tundu ni tarakimu, na katika chumba cha pili mlikuwa na mashine kubwa iliyozimeza na kutoa hesabu za mwezi mzima. Wazungu walikuwa wameanza kufunga mizigo, na viti walivyoviacha vikatuangukia sisi. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata kimoja. Baadaye akanivuta na mimi, nikakaa meza ya pembeni yake.

Kazi ilikuwa ya macho na vidole tu. Macho kwenye waraka, vidole kwenye vitufe, tangu asubuhi mpaka jioni. Msimamizi alikaa nyuma yetu na hakuwa na haja ya kututazama, alisikiliza. Mashine ikinyamaza alijua ni ya nani. Kwenda msalani ni kwa ruhusa, na ukiomba mara ya pili unaangaliwa kama mwizi. Madirisha hayakufunguliwa, maana vumbi la malori liliharibu kadi. Wiki ya kwanza nilitoka mle nikaona miguu si yangu.

Sisi ni watu wa Likoni, watoto wa shamba, mihogo na minazi. Nikaona maisha haya yataniua, nikaanza ukorofi wangu. Gari la makarani lililotungoja ng'ambo ya kivuko nikalikataa, nikanunua baiskeli kuukuu nikawa naiendesha mpaka Changamwe, nikipishana na malori. Saa ya chakula wenzangu walilaza vichwa mezani, mimi nikizunguka ua wa kampuni hata mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikiwa kitini niliinua visigino chini ya meza, juu, chini, juu, chini. Jumapili nilikwenda kulima. Wakasema nina wazimu wa miguu.

Kaka naye alinicheka, lakini bila ubaya. "Bwana mdogo," aliniambia, "mimi nilisoma ili nisitembee. Wewe ulisomea nini?"

Tena nyumbani mama ndiye aliyemkalisha zaidi. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka ndiye nguzo ya nyumba. Kwetu mtu akipata kazi ya kalamu, jembe ameliaga. Akilishika, majirani watasema mama yake hana haya, anamtumikisha karani kama kibarua. Kaka akiingia uani alikuta kiti chake kimetolewa barazani, maji ya kuoga yameshachotwa, chai imeshamiminwa. Akiinuka kufuata sukari, mama alikasirika hasa. "Keti, mwanangu. Karani hashiki jembe, wala hafuati sukari." Mimi pia nilikuwa karani, lakini kwangu mama alikuwa ameshakata tamaa.

Basi kaka akawa anatoka kiti cha kazini kwenda kiti cha gari, na kiti cha gari kwenda kiti cha baraza. Akanawiri, akanenepa, mama akamwangalia kwa raha. Mimi nilimwangalia nikaingiwa na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu, maana hakuwa akiumwa popote.

Ikaja miezi ya kufunga hesabu, wakawa wanatukalisha mpaka giza linaingia. Nikamwona kaka akijisugua mguu wa kushoto chini ya meza. Nikamnong'oneza ainuke kidogo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akanijibu, "na mkuu ni mimi." Baada ya siku chache nikamkuta amelegeza kamba za kiatu kimoja. Akapandisha suruali nikaona: mguu umevimba, unang'aa, shavu lake gumu na lina moto. Ule wa kulia ulikuwa kama kawaida yake. Huo mguu mzima ndio ulionitisha, kwa sababu ulinionyesha mwenzake umeharibika kiasi gani.

Daktari wa kampuni, Mhindi mzee asiyependa maneno, aliubonyeza mara moja akaacha. Akasema damu imeganda ndani ya mshipa, kaka apelekwe hospitali saa ile ile, alazwe. "Na mtu yeyote asiuchue," akasema. "Hilo bonge likibanduka, litapanda kifuani." Alisema hayo akinitazama mimi.

Lakini kwetu mtu haendi kulazwa hospitali bila kumuaga mzazi wake na kuombewa dua. Kaka akasema atakwenda kesho, inshallah. Leo lazima amwambie mama. Daktari akafoka. Kaka akamshukuru kwa adabu zote, tukaondoka. Kwenye kivuko nilimtafutia nafasi ya kunyoosha mguu, na njia nzima nikaomba kimoyomoyo, ewe Mola, tufikishe kesho tu.

Mama alipouona ule mguu hakupiga kelele. Alibandika maji jikoni, akatoa chupa ya mafuta ya nazi. Nikamzuia. Nikamwambia neno kwa neno: damu imeganda, asichuliwe, bonge litapanda kifuani.

"Damu iliyoganda ndiyo huchuliwa," mama akasema, "ikayeyuka ikaenda zake. Ulipoanguka mnazini ukavimba, nani alikuchua?"

"Ni wewe, mama. Lakini huu si kama ule."

"Mguu ni mguu."

Nikapandisha sauti. Sikuwahi kumpandishia mama sauti kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Akaniangalia kwa utulivu. "Sikio halipiti kichwa," akasema, akamgeukia kaka. Kaka alikuwa akitoka jasho kwa maumivu. "Mwache mama," akaniambia. "Akinigusa tu napata nafuu. Kesho nitakwenda kwa huyo daktari wako."

Nilitoka nikasimama uani, nimejaa hasira na woga. Mama alikuwa na mikono mashuhuri. Wanawake wote wa mtaani wakijifungua, yeye ndiye aliyewachua. Nilimsikia kaka akiguna, kisha akanyamaza, kisha akacheka. Nilipochungulia, mama alikuwa bado anavuta kutoka kifundoni kwenda juu, taratibu, na uvimbe ulikuwa umepungua. "Unaona?" akasema. Hakunisuta, alikuwa na furaha tu.

Ikaadhiniwa magharibi. Kaka akasema anakwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe. "Si ulitaka nitembee?" akaniambia. "Haya, twende." Tulikuwa hatujatoka uani aliposimama. Akashika kifua, akaniangalia kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, akaniangukia. Nilimdaka. Nilimwita, mama akamwita. Waliokwenda kuswali waliporudi, walimkuta ameshafariki.

Tulimzika asubuhi. Watu walisema siku zake zilikuwa zimekwisha, na wengine wakanong'ona kuhusu kijicho na kiti cha Mzungu. Kazini wakampa mtu mwingine mashine yake. Mimi hasira yangu sikujua nimtemee nani.

Hitima ilipokwisha na wageni wakaondoka, mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameketi mkekani.

"Yule daktari wenu," akaniuliza, "siku ile alisemaje?"

Nilimtazama. Alikuwa amekonda, na alikuwa mama yangu.

"Alisema kaka apumzike tu, mama. Apumzike, halafu aende hospitali."

Akaniinulia uso.

"Hukuniambia hivyo," akasema. "Nilikusikia vizuri, mwanangu."