Kalamu ya Mjapani na kiwanja cha bibi Bernadeta

Mwaka 1996 niliona karatasi ya mauziano ya kiwanja ikifunguliwa mbele ya baraza la kata. Ndani hamkuwa na muuzaji, hamkuwa na mnunuzi, wala kiwanja chenyewe.

Kulikuwa na jina moja tu.

Tulieni, nawapa yote.

Nilikuwa karani wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kule Pasiansi, Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kupima sangara na kuandika kilo kabla hawajapelekwa kiwandani kukatwa minofu. Enzi hizo sangara ndiye habari ya mjini. Minofu inapanda ndege kwenda kwa wenye nazo, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Kila mwenye pikapu na barafu alijiona waziri.

Bosi wangu aliitwa Mihayo, mtu wa Usagara. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, samaki wakamtajirisha ndani ya miaka mitatu, basi hatukupumua. Suti ya Kaunda. Saa ya dhahabu. Viatu vyeupe.

Viatu vyeupe, mwaloni! Kwenye magamba na utumbo wa samaki! Jamani.

Siku moja akaja Mjapani mmoja kukagua mzigo. Mtu mpole, anainamia hadi wapagazi akiwasalimia. Akawapenda samaki wa Mihayo, na wakati wa kuaga akamkabidhi kiboksi cha mbao kwa mikono miwili.

Ndani kulikuwa na kalamu ya wino. Nyeusi, inang'aa hadi unajiona uso, na ubavuni amechorwa samaki kwa unga wa dhahabu. Mkalimani akatueleza kwamba imetengenezwa kwa mkono na mzee mmoja huko kwao. Anapaka utomvu wa mti, anasubiri ukauke, anasugua, anapaka tena. Miezi na miezi, kalamu moja.

Mtu ana subira ya namna hiyo, halafu kazi yake inaishia mfukoni mwa Mihayo. Iliniuma.

"Mmeona? Wamenichorea sangara!" akatutambia.

Yule samaki alikuwa na ndevu. Sangara ana ndevu wapi? Lakini nani amwambie.

Tangu siku hiyo tukakoma. Akinywa soda anaomba karatasi asaini. Akipita kanisani Jumapili anaomba daftari la wageni, na hapo ni parokiani kwake, alipofungia ndoa. Kifuniko kinazungushwa taratibu, watu wote waone, ndipo aandike jina kwa mkunjo mrefu hadi ukingoni.

Kuna siku peni yangu iliisha wino katikati ya kupima. Nikanyoosha mkono kuomba ile yake.

"We! Ukiuzwa wewe na ukoo wako wote wa Mara, hamfikii hata kifuniko chake!"

Wapagazi wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, unatukanwa unacheka.

Sasa, jirani na mwalo alikaa bibi Bernadeta, mjane. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mihogo kidogo na kaburi la mumewe, kiwanja kinashuka hadi majini. Kila asubuhi nilimpitia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Sina undugu naye hata chembe, lakini hakuniita vingine.

Mihayo alikitaka kiwanja kile ajenge stoo ya barafu. Alimfuata mara mbili, bibi akakataa mara mbili.

"Mume wangu amelala hapa. Nimwache na nani?"

Mihayo akabadili gia. Akamwambia basi, bibi, sinunui. Nikodishie huku chini ufukweni tu niegeshe mitumbwi, mwaka mmoja. Bibi akaona hilo halina ubaya.

Tukaenda kuandikishana, sisi watatu tu. Mihayo aliandika mwenyewe ukurasa mzima kwa kalamu yake, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikachungulia begani.

Imeandikwa "nimeuza". Kiwanja chote, nyumba na vyote vilivyomo.

Bibi hakujua kusoma. Akanigeukia.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma. Ndivyo tulivyosema?"

Mihayo akanikazia macho. Wiki hiyohiyo alikuwa ameniahidi kunifanya msimamizi wa hiyo stoo.

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Hakukuwa na kidau cha mhuri. Unajua Mihayo alifanya nini? Akaifungua kalamu, akadondosha wino kwenye dole gumba la bibi.

"Hapo umeweka dole la Kijapani, mama!" Akacheka peke yake.

Zamu ya shahidi ikafika. Nikanyoosha mkono, akaivuta kalamu upande wake.

"Wewe tumia ya kwako."

Nikatoa peni yangu ya bei poa, niliyoitafuna kwa nyuma, nikaandika "Shahidi" na jina langu, nikasaini. Bibi akauliza kama na yeye atapewa karatasi yake.

"Ya nini? Uwasomee kuku?"

Baada ya miezi mitatu wapagazi wakaja na nguzo za uzio. Bibi akaenda kukaa juu ya kaburi la mumewe, akakataa kutoka. Majirani wakajaa, mambo yakafika baraza la kata.

Siku ya shauri Mihayo akaja na viatu vyake vyeupe. Akatoa bahasha, akampa mwenyekiti, mzee Masalu, kisha akakaa na kukunja nne.

Mzee Masalu akaifungua. Akaigeuza. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mihayo, hiki umeniletea nini?"

Ile bahasha ilikaa wiki nzima kwenye kiti cha pikapu, chini ya kreti la barafu lililokosa nafasi nyuma. Na barafu inayeyuka! Kila mtu wa mwaloni anajua kwamba kule kila kitu huloa, ndiyo maana kilo tunaandika kwa peni ya kawaida au penseli. Wino wa ile kalamu ni wa mtu anayekaa kwenye meza kavu. Ulipopata maji uliondoka wote, "nimeuza" ikaenda, sahihi ya mbwembwe ikaenda, na dole la Kijapani nalo likaenda. Mihayo alijiamini mno, hata hakuichungulia kabla ya kuja.

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Kuna kitu huku chini," mzee Masalu akasema.

Akasogeza miwani.

"Shahidi: Yeremia Otuoma. Yuko hapa?"

Kicheko kikanikauka mdomoni. Ile peni yangu ya bei poa haikuwa imefutika hata nukta.

"Simama. Ulishuhudia nini?"

"Sema, Yeremia!" Mihayo akafoka. "Sema aliniuzia!"

Bibi Bernadeta akanitazama bila wasiwasi wowote. "Sema tu, mjukuu wangu. Wewe uliisoma."

Nikisema kuuza, mimi ni mwizi mwenza. Nikisema kukodisha, sina kazi, na wataniuliza kwa nini siku ile nilimwambia bibi ndiyo.

"Sikumbuki, mzee."

Mihayo akaniita mbwa mbele ya baraza zima. Mzee Masalu akaamua kiwanja ni cha bibi, nguzo zing'olewe siku hiyohiyo.

Nje, bibi akanishika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Umekataa kunidhulumu. Mungu akuweke, mjukuu wangu."

Watu wakapiga makofi.

Nami nikaitikia amina.

Mihayo alinifukuza kazi, na hilo likanifanya shujaa zaidi. Kila Krismasi bibi alinitumia mihogo na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikula, miaka saba. Alipofariki walinisimamisha msibani niseme neno, mimi kijana niliyemtetea. Nikasema, tena vizuri, watu wakalia.

Najua mlisubiri nimcheke Mihayo hadi mwisho. Nimemcheka maisha yangu yote, na alistahili. Lakini yeye, bibi alimkatalia mara mbili. Aliyeaminiwa ni mimi, na nilichomfanyia sikumwambia hadi anaingia kaburini. Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyojidharau nikikumbuka ile amina.

Basi chukueni hili moja. Mtu asiyejua kusoma akikuuliza karatasi inasema nini, msomee yote, neno kwa neno, hata kama bosi wako amekukazia macho.