Dashibodi ya Sinia

Naomba mnivumilie nimalize ndipo mcheke, maana ukifika kwetu Kagerankanda ukamuulizia Zabroni watu watakuuliza Zabroni yupi, ila ukisema yule wa king'ora utaonyeshwa mpaka mlangoni, na hilo jina sikupewa na adui, nilijipachika mwenyewe kwa grenda ya kuazima.

Mimi ni bodaboda. Kuna mwenzetu pale Kasulu mjini alifunga dashibodi kwenye pikipiki yake, kibao kipana cha bati mbele ya usukani chenye swichi za taa, chaja ya simu, redio na king'ora, basi abiria wakawa wanamgombania yeye na mimi roho ikaniuma. Bati zuri sina. Ndani kulikuwa na sinia kubwa la alumini lenye maua mekundu, zawadi ya mama mkwe siku ya harusi (Esteria, mke wangu, alilitunza juu ya kabati, hata wali wa Krismasi haukupakuliwa humo), nikajisemea sinia lenyewe halitumiki, nikalikata.

Esteria alikuwa na mimba ya kusubiri siku tu. Hakunigombeza, alilitazama tu lile sinia, halafu akasema, "Chonga unavyotaka, baba, lakini nikishikwa uchungu hiyo pikipiki iwe inatembea." Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani kwa sababu ya kuchelewa. Nilimwapia kwamba safari hii atafika hospitali.

Nikafunga kibao changu pikipiki ikiwa kwenye stendi, usukani umenyooka, nikabonyeza swichi zote, taa zikawaka, king'ora kikalia mpaka kuku wakatawanyika. Na kwa kuwa kijiweni vitu vinaibiwa, nikachomelea kila nati kwenye bolti yake isifunguke (hapo nilijiona mjanja kuliko wote). Kitu ambacho sikufanya ni kukunja usukani, hata mara moja.

Kesho yake asubuhi Esteria akashikwa. Mama mkwe alikuwa ameshakuja kusubiri mjukuu, na mnajua mambo ya ukwe, mama huyu akitaka kuniambia kitu anamwambia binti yake wakati mimi nimesimama palepale nasikia. Siku hiyo aibu zote tuliziacha mlangoni: mimi mbele, Esteria katikati, mama nyuma amemkumbatia mwanawe, vidole vyake vimeshika shati langu.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Nikakunja kidogo, ukingo wa kibao ukagusa tangi, swichi ikajibonyeza na king'ora kikaanza. Nikasema hii ni kelele tu, itavumilika. Kona ya pili ilikuwa ya kulia, nakunja, kibao kimekwama kwenye tangi, usukani hauendi, na pikipiki ikanyoosha moja kwa moja ikaingia kwenye shamba la mihogo la watu, ikasimama kwenye tuta. Hakuanguka mtu.

"Zabroni, unanipeleka wapi?" Esteria akauliza.

"Kibao kinakwama, mke wangu."

"Kitoe!"

"Nimekichomelea."

Esteria aliinamisha kichwa mgongoni kwangu akaanza kulia, na mimi nikamkumbuka yule mtoto wa kwanza. Simu nayo ilikuwa haina chaji (chaja ninayo hapo mbele, ila nyaya zilishachomoka). Ikawa kila kona ya kulia nasimama, wanashuka, nainua tairi la nyuma naigeuza pikipiki kwa mikono, wanapanda, tunakwenda, king'ora kinalia njia nzima kwa sababu swichi sasa imegoma kuzima.

Na siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Watu waliposikia king'ora wakajua ni msafara wa mkubwa, wakasogeza turubai za maharage, wakajipanga kando ya barabara, mwenyekiti wa kijiji akatoka kwenye mgahawa anafunga vifungo vya shati, kuna akina mama walishaanza na vigelegele. Barabara pale inakata kulia. Nikasahau kusimama. Nikapita katikati ya mapokezi yangu, nikaenda kusimama kwenye marundo ya ndizi, king'ora kinalia, mwenyekiti amenyoosha mkono wa salamu.

"Mheshimiwa yuko wapi?" mtu akauliza.

Vigelegele vikakatika, kicheko kikaanza. Mama mkwe akashuka.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mnacheka nini? Mwanangu anajifungua! Leteni msumeno!"

Kicheko kikaisha. Fundi baiskeli akaja na msumeno wa chuma, wanaume wawili wakashika usukani, wanawake wakamzunguka Esteria kwa vitenge vyao, na mimi nikabaki nimesimama sina kazi. Kibao kilipodondoka, mama akakiokota, akageuza upande wa chini, maua mekundu haya hapa. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akasema nami mwenyewe.

"Hili nilikupa umlishie mwanangu."

"Washa," akasema, na tukaondoka.

Tulipofika hospitali walimpokea mbiombio, mlango ukafungwa. Mtoto alitoka amechoka, hakulia. Nilisikia kabisa wauguzi wakisema halii, nikakaa chini kwenye sakafu ya korido na sikujali nani ananiona. Halafu nikasikia kitu kama paka, kikakatika, kikarudi kwa nguvu. Muuguzi mmoja (mtu wa Tanga, mpole) alitoka akaniambia ni wa kike, kisha akaongeza, "Baba, mngechelewa kidogo tu."

Siku ya kuruhusiwa nilileta pikipiki mlangoni, tupu, haina hata kioo cha pembeni. Bodaboda wenzangu wako pale getini, wauguzi wako dirishani, wote habari wanayo. Esteria amembeba mtoto, anataka kupanda. Mama akamzuia kwa mkono. Akaja mpaka mbele yangu, akashika usukani, akaukunja kulia mpaka mwisho. Akaukunja kushoto mpaka mwisho. Akarudia tena kulia, polepole, anasikiliza, na mimi nimekaa juu ya pikipiki yangu mwenyewe naangalia chini.

"Panda sasa, mwanangu," akamwambia Esteria.

Sitafunga tena kitu chochote kwenye pikipiki, hata stika.