Gunia la Mpunga Mwitu

Juzi nilikuwa nachagua mchele jikoni kwangu Kagugu, nikaona punje moja nyekundu. Wewe ungeitupa na kuendelea. Mimi niliweka ungo chini, nikakaa.

Ngoja nikueleze. Utotoni mwangu, bonde lililo chini ya kilima chetu, ambalo leo ni nyasi na njia za watu wanaokimbia asubuhi kupunguza vitambi, lilikuwa majaruba ya mpunga. Bibi yangu, aliyerudi kutoka Tanzania na ubishi wake wote, alilima jaruba moja la ushirika. Maji yetu yalishuka kwa mfereji hadi jaruba la jirani, mjane aliyekulia Burundi. Alikuwa na watoto watatu na jaruba hilo, basi. Kila siku saa nne asubuhi aliniita nile viazi vitamu vya moto juu ya jani la mgomba, navipuliza huku natafuna, naye ananicheka.

Adui yetu alikuwa mpunga mwitu, wenye punje nyekundu kama ile ya juzi. Dawa ya magugu haikufaa, maana ingeuua na mpunga wenyewe; ni ndugu wale. Bibi alilowesha jaruba tupu, akangoja mbegu zilizolala matopeni ziote, kisha tukazikanyaga hadi zikazama. Halafu tulipandikiza kwa kamba, mstari mnyoofu, na chochote kilichoota nje ya mstari kiling'olewa bila kesi. Uliojificha ndani ya mstari ulijulikana baadaye, uliporefuka kuliko mwenzake. Hapo ilikuwa mbio, kwa sababu punje zake hupukutika kabla ya mavuno.

"Suke hata moja lisiguse maji," bibi alisema kila siku. "Kata, tia guniani, peleka juu, tuchome."

Mbebaji wa gunia nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, kilima kikali, na masuke yananiwasha shingo. Siku moja nililimwaga gunia mferejini, maji yakabeba kila kitu. Nikakaa nyuma ya migomba kwa muda ambao ningepanda na kushuka, nikarudi na gunia tupu. Bibi akanishukuru. Kwa hiyo nikarudia, kesho yake na siku zote zilizobaki za kazi ile.

Msimu uliofuata jaruba la jirani likajaa mpunga mwitu. Aling'oa mpaka vidole vikapasuka. Lakini sheria ya ushirika ilikuwa moja: jaruba chafu huambukiza bonde zima, kwa hiyo mwenyewe ananyang'anywa. Wakaguzi walisimama kwenye tuta wakamwita mvivu mbele ya watu. Mvivu! Yeye aliyefika bondeni kabla ya ndege. Nilikuwa pale pale. Bibi alinitazama mara moja tu, na hakuuliza. Nadhani aliogopa jibu, maana na jaruba letu lingenyang'anywa. Simlaumu. Au namlaumu, sijui.

Jirani alihamia Gitega, mtaa wa upande wa pili wa mji wetu, kuuza matunda. Miaka ikapita, bibi akafariki, na bonde nalo halilimwi tena. Hakuna makopo ya kufukuzia ndege, hakuna wanawake wanaoitana kutoka tuta hadi tuta. Watu wanasema mji umependeza. Ni kweli, umependeza, na mimi nikipita pale nageuza uso.

Jana nilikwenda Gitega kumtafuta, maneno nimeyapanga tangu nyumbani. Nilimkuta na beseni la maparachichi, amezeeka, amekonda. Nilipomsalimu na kumtaja bibi alinitambua, akanishika mikono yote miwili.

"Mwana wanjye! Iko wewe kweli?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya lile jaruba. Hakuniacha nimalize.

"Eh, ile shamba! Mimi ndiye niliharibu, mwana wanjye. Macho yangu ilikuwa inaanza kugonjwa, nikaacha ule mupunga mubaya upite. Batoto bangu baliacha shule juu yangu. Mpaka leo naomba Mungu anisamehe."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilijichukia pale, nilijichukia kabisa.

"Pole, Mama," nikasema.

Akapapasa beseni, akanichagulia parachichi lililoiva vizuri, akakataa katakata nilipe. Nikalipokea.