Farasi wa Melkiori Mlangoni kwa Bibi

Nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, pale Katubuka mjini Kigoma, miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa makundi, wengine kwa maboti, wengine kwa miguu. Melkiori alikuja kwa miguu, akimwongoza farasi. Sisi watoto farasi tulikuwa tukimjua kwenye picha tu.

Alitueleza kwamba yule mnyama alikuwa wa mashindano. Alikimbia Nairobi ujanani, na alipozeeka tajiri mmoja wa Bujumbura akamnunua ili watoto wake wampande. Vita vilipochacha tajiri alipanda ndege, akamwachia Melkiori, mtunza farasi wake, kamba mkononi na ahadi kwamba atamfuata Kigoma. Hakutokea.

Bibi yangu, mzaa baba, ndiye aliyewapokea. Kiha chake na Kirundi cha Melkiori vilielewana bila mkalimani. Alimpa chumba cha uani, farasi akafungwa penye migomba. Melkiori akawa anamwita Bibi "mawe", yaani mama, naye akiitika kama aliyemzaa.

Farasi alikuwa na jambo lake. Anatembea vizuri tu, mara anasimama, mguu mmoja wa nyuma unapanda hadi kugusa tumbo, unabaki hapo ukitetemeka, mkia umeinuka, halafu unashuka kwa kishindo. Nililiona ziwani tulipompeleka kuoga. Nililiona njia ya Gungu. Nilipouliza, Melkiori alisema, "Sijui, mwanangu. Hata daktari wake alishindwa."

Kwetu waliamini kwamba mnyama mgeni huona yaliyofichika kwa wenyeji. Akikataa kukanyaga mahali, pamefukiwa kitu cha uchawi. Basi mchana mmoja, jirani yetu Mama Zuhura akiwa ametoka kumzika mtoto wake mchanga, farasi alirudishwa kutoka malishoni. Akasimama mbele ya mlango wa Bibi, waombolezaji wakitazama. Mguu ukapanda. Ukakaa juu kuliko nilivyowahi kuona.

Kesho yake ua wetu ulijaa watu. Mwenyekiti wa mtaa akamuuliza Melkiori mbele ya wote, "Huwa anafanya hivi kila mahali? Kama ni kila mahali, pepo ni la farasi, ondoka naye leo hii. Kama ni hapa tu, tujue."

Melkiori alimtazama farasi. Hakumtazama Bibi.

"Ni hapa tu," alisema.

Nilisema si kweli, nimemwona ziwani, nimemwona Gungu. Mtu akanishika mkono, akaniambia watoto hawasemi kwenye baraza la wakubwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akamwambia Melkiori kwa Kiha, polepole, "Wewe nilikupikia."

Wakachimba kizingiti, wakapata mfupa. Nadhani ulikuwa wa mbuzi, lakini siku ile hakuna aliyetaka kujua. Bibi hakuguswa na mtu. Watu waliacha tu kuja kuomba moto kwake, akina mama wakawa wanawaita watoto wao akipita, na kabla ya masika Baba akamhamishia kijijini Simbo, kwa kaka yake Bibi. Melkiori akabaki Katubuka na farasi wake.

Alikuja Simbo mara moja, nikiwepo likizo, amebeba viazi vitamu kwenye kapu. "Shikamoo, mawe." Bibi aliitikia marahaba, akampa maji, akamuuliza hali ya farasi. Hakumwambia aketi. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akimwacha mgeni anywe maji amesimama. Melkiori alikunywa, akaliweka kapu chini, akaenda zake. Bibi akawaita majirani wakagawana viazi; yeye hakula.

Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia daktari wa mifugo. Aliniambia ugonjwa huo wa mguu unafahamika, ila chanzo chake mara nyingi hakijulikani. Nilidhani jibu hilo lingenituliza. Halikunituliza, kwa sababu farasi sikuwahi kumlaumu.

Melkiori namwelewa. Alikuwa amefukuzwa kwao, ameachwa na tajiri wake, na mnyama yule ndiye aliyebaki naye duniani. Angesema kweli, wangerudi barabarani wote wawili. Lakini alijua mama anayemwacha nyuma ni nani, akamwacha. Bibi alizikwa Simbo, mbali na migomba yake, mbali na watu aliozeeka nao. Kuna wanaoniambia nisamehe, yamepita. Mimi nawajibu kwamba aliyetendewa alikuwa na kinywa, na hakusema amesamehe.