Shimo la Wagumba Shambani Kwangu

Juu ya Kianjokoma, pale majani chai yanapokutana na msitu, shambani kwangu kuna shimo la mviringo, pana kama nyumba. Wagumba walikaa humo, watu wafupi wafuga nyuki, kabla babu zetu hawajafika. Watu husema waliingia ardhini wakapotea. Uongo! Nyanya yangu alikuwa binti wa Wagumba wa mwisho huku kwetu, na nimekula githeri yake ya mahindi na maharagwe. Mtu aliyepotea atakupikiaje githeri? Waliolewa kwetu, wakaoa kwetu, basi. Shule niliacha mapema, mbuzi walinitaka zaidi, lakini hilo nalijua.

Mwaka jana kijana wangu alianza kulifukia shimo hilo apande chai.

"Baba, hili shimo linatuletea kuchekwa tu."

Kweli tunachekwa. Jirani yetu akipita lazima aite, "Watu wa shimo! Mmeamka, au bado mko chini?" Nilimsihi kijana angoje. Akaendelea kumwaga udongo.

Halafu jirani huyohuyo akahitaji asali ya kupeleka mahari ya mwanawe. Alikuja kofia mkononi.

"Mzee, wewe ni ndugu yangu."

"Tangu lini? Juzi si nilikuwa chini?"

Nikampa, tena iliyo safi, ya mizinga niliyoachiwa na nyanya. Tukamsindikiza mimi na kijana wangu hadi Mitunguu kwa wakwe. Joto la kule! Ndizi nazo nilikula mpaka nikaona haya. Sasa, asali ya mahari haionjwi kabla wakwe hawajauliza imetoka nyumba gani, na aliyeileta hujibu kwa sauti. Jirani alikuwa ameisahau desturi hiyo.

"Asali hii ni ya nyumba gani?" akauliza mzee mwenye boma.

Jirani akakohoa. "Ya... ya nyumba ya Wagumba."

"Wagumba? Si walikwisha?"

Nilitaka kusimama, magoti yangu haya yakachelewa. Kijana wangu akanitangulia.

"Hawakuisha, mzee. Mimi ni wao. Shimo letu liko nyumbani, karibuni mlione."

Nikajifanya nasafisha miwani.

Tuliporudi, kijana aliuzoa ule udongo wote shimoni mwenyewe, akapanda chai kandokando. Na wakwe wa Mitunguu walikuja kweli. Jirani ndiye aliyewatembeza, akieleza mambo ya Wagumba kama aliishi nao, na kijana wangu nyuma yake akimsahihisha.