Nilivyopiga Magoti Mbele ya Darasa la Madam

Jamani, nichekeni tu. Madam wangu hapa Jeddah hufundisha historia ya majengo kwa kompyuta, akiwa sebuleni. Juzi alipotoka kufungua mlango, nikaingia kupanguza vumbi. Kwenye skrini palikuwa na kanisa la kijiji huko Ufaransa, la mawe, la zama za kati. Tangu nitoke Machakos sijatia mguu kanisani! Nikapiga magoti, kitambaa mkononi, nikamshukuru Mungu kwa sauti: kwa mama, kwa wanangu, hata kwa madam na nguo zake zisizoisha kupigwa pasi.

“Amina,” nikamaliza.

“Amin!” kompyuta ikajibu. Kumbe wanafunzi wote walikuwa wananitazama!

Nageuka, madam huyo mlangoni. Nikajua halas, yamekwisha, narudishwa kwetu.

Akanielekezea kidole, akawaambia wanafunzi, “Mimi nimewaonyesha mawe. Kanisa mmeonyeshwa na Mwende.”