Hela za Macho ya Mama Mdogo

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, inanirudia kila nikisikia harufu ya vitunguu vinakaangwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijiona nina akili kuliko Mpanda nzima. Usinicheke. Nakuambia haya kwa sababu jana nimekuona pale stendi umeinamia simu, ile mishumaa ya bei, ya kijani na myekundu, inapanda na kushuka kwenye kioo, na mguu unatetemeka. Huo mguu naujua. Ulikuwa wangu.

Mimi shule niliachia kidato cha pili. Forex nilijifundisha mwenyewe, bando la kuungaunga, video za watu waliokaa ndani ya magari ya bei wakikwambia kununua euro na kuuza dola ni kazi ya dakika tano. Niliwaamini. Wazee wa hapa nilikuwa siwaamini, ila mtu niliyemuona kwenye simu nilimwamini.

Aliyenilea ni Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama, pale Ilembo. Ni mtu wa Sabato, nyama haiingii jikoni kwake, lakini soseji zake za maharage watu wa nyama walikuwa wanazigombania. Anachemsha maharage, anayaponda, anatia unga wa soya na ngano kidogo, kitunguu, saumu, pilipili manga. Anaviringa, anazipika kwa mvuke ndani ya kitambaa, halafu anazikatakata na kuzikaanga kwa mafuta ya alizeti. Hapo anachukua mkate wa jana alioumegamega na kuuanika kwenye ungo, anachanganya na karoti, hoho na zile soseji, analoweka kwa mchuzi wa mboga, anajaza ndani ya boga na kulioka, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mjazo, ndivyo alivyokiita. Harusi za kanisani zilikuwa haziendi bila mjazo wake.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pa muhimu. Kabla hajaviringa soseji hata moja, alikuwa anachukua donge dogo kama kidole gumba, analikaanga peke yake, analionja. Chumvi ikipungua anaongeza, bakuli zima bado liko salama. Na ule mchuzi anautia kwenye mkate kijiko kwa kijiko, anafinya kwa mkono, anasubiri mkate unywe. Mimi nilikuwa namcheka.

"Mama Mdogo, miaka yote hii unapika kitu hichohicho na bado unakijaribu?"

"Maharage haya nimeyanunua leo asubuhi," ananijibu. "Hatujafahamiana."

Mwaka ule macho yakaanza kumsumbua. Akawa anagonga ndoo iliyo pembeni yake, mtu akija kwa ubavu hamuoni. Daktari akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kuokolewa, ila asichelewe. Matibabu yako mbali, ni kupanda treni mpaka Tabora na kuendelea mbele. Akauza maharage yote ya shamba lake la Kasokola, akaongezea na za mjazo. Zilipotimia akanipa mimi.

"Zikae kwako, baba. Mimi noti siku hizi sizitofautishi vizuri."

Treni ilikuwa ya wiki inayofuata. Nikawaza, wiki nzima hela zinalala tu? Nikizizidisha mara mbili tutakaa kwenye nyumba ya wageni nzuri, nitamnunulia na miwani. Nilimpenda sana Mama Mdogo, mwanangu. Kuna kijana aliwahi kumwita kipofu pale sokoni nikampiga mpaka nikashikwa na mgambo. Usije ukadhani hela za mtu zinaharibiwa na wanaomchukia tu.

Nikaenda kwa Kaka Shija, fundi simu wa stendi. Huyo alikuwa anafanya forex kimyakimya, na daftari lake la kuandika kwa nini ameingia na kwa nini ametoka. Nilikwenda anisifie.

"Demo umekaa muda gani?" akaniuliza kuhusu ile akaunti ya mazoezi, macho yake yakiwa kwenye simu anayoifungua.

"Wiki mbili. Nimeshinda karibu zote."

"Umeshinda hela za uongo. Kaa mpaka ushindwe, tukuone unakuwaje ukishindwa. Wewe kwa hasira zako ndicho kitu cha kupima, siyo soko."

"Kaka, miaka mitano upo kwenye forex na bado unabadilisha vioo vya simu."

Akacheka. "Vioo ndivyo vinanilisha. Huko naweka kidogo kinachobaki, na kila nikiingia naweka stoplosi, ile bei inayonitoa sokoni yenyewe mambo yakiharibika. Hizo hela ni zako?"

"Ni zangu," nikasema.

Nikaondoka nimemchukia.

Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio. Chakula cha Sabato kinapikwa chote kabla jua halijazama. Mama Mdogo alikuwa ameketi na beseni la mkate mkavu mbele yake, mimi nimesimama na bakuli la mchuzi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Saa tisa na nusu alasiri zilikuwa zinatoka habari za ajira za Marekani, na wale wa kwenye video walisema hapo ndipo pa kutajirikia. Nilikuwa nimeweka nusu ya hela za macho kwenye euro. Nusu yote kwa mara moja, kwa mkopo wa dalali unaozidisha faida na hasara, bila stoplosi. Nilijiambia stoplosi ni ya waoga.

"Tia kidogo," akasema, anafinya. "Ngoja. Tia tena."

Bei ikapanda kidogo. Halafu ikaanguka kama mtu amekatwa miguu. Mshumaa mmoja mwekundu, mrefu, na akaunti ikabaki sifuri. Nikasahau bakuli, likainama, mchuzi wote ukaingia kwenye beseni.

Mama Mdogo akauzungusha mkono wake mle ndani polepole.

"Umemwaga wote?"

"Bahati mbaya."

"Huu sasa umekuwa uji, baba. Mkate ukishalowa hivi hauna namna. Lete unga tukaange vibonge, boga tutaliacha."

Hakunifokea. Angenifokea labda ningezinduka. Mimi nilihisi soko limenitukana, mimi, na nikitukanwa huwa sinyamazi. Nikatoka mlangoni, nikaingiza nusu iliyobaki, nikageuza upande, nikauza. Bei ikageuka na yenyewe. Nilivyorudi ndani, Mama Mdogo alikuwa anageuza vibonge vya kwanza kwenye kikaango, na hela za macho yake zilikuwa zimekwisha. Jua lilipozama akaimba wimbo wa kukaribisha Sabato. Nikaitikia. Sijui sauti ilitoka wapi.

Nilimwambia Jumapili. Alikuwa ameshapanga begi, lipo kitandani, khanga mbili na sweta kwa ajili ya baridi ya njiani.

"Zote?" akauliza.

"Zote, Mama."

Akalipapasa lile begi. Halafu akasema, "Nisaidie kutoa nguo kwenye begi, zisijikunje."

Nimepigwa na watu, mwanangu. Hakuna aliyewahi kunipiga hivyo.

Nilibeba magunia, nikafyatua matofali Litapunga, Kaka Shija akachangia bila kunikumbusha neno. Mavuno yakaja yakapita ndipo tukapanda ile treni. Daktari akamwangalia, akasema jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto limebaki na mwanga wa kuonea kivuli. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa nilimpakatisha Mama Mdogo. Akampapasa uso wote kwa vidole, akauliza, "Amechukua rangi ya nani?" Nikamjibu. Nikatoka nje.

Mpaka leo anapika. Mimi ndiye ninayemwagia mchuzi, kijiko kwa kijiko, na simu inakaa chumba kingine.

Kwa hiyo sikuambii uache. Najua nyie hamuachi mkiambiwa, na mimi nikikatazwa nilikuwa nazidi. Nakuambia kaa na demo miezi, siyo wiki, na kaa mpaka ikukasirishe, ujione. Ukiingia kwa hela za kweli, ingiza donge la kuonja, lile ambalo likiungua unatupa na bado mnakula. Bei ya kutokea iweke kabla hujaingia, ukiwa bado una akili. Ukipoteza, zima simu, siku hiyo imekwisha, soko halikujui jina wala halijakutukana. Anayekuahidi faida ya uhakika mkimbie. Na hela ambayo tayari ina mtu anaisubiri, ada, dawa, mbegu, hiyo usiiguse hata kwa nia njema. Mimi nilikuwa na nia njema.

Haya, nenda. Mungu akupe mkono wa taratibu na hasira za kuchelewa. Mama yako akuone umeoa, akuone umezeeka, na akishika uso wa mtoto wako awe anamshika kwa mapenzi tu, siyo kwa kutafuta sura yake.